Mkoba Niliosema Nimeufuta

Nianze na ukweli, maana nimeshazoea kuuzungusha: mimi nina wivu. Si ule wivu wa mapenzi, huo mume wangu angeufurahia. Wangu ni wivu wa kazi. Nikisikia mtu anasifiwa kwa jambo ambalo na mimi nalijua, naanza kumtafutia kasoro, na kama huyo mtu tunakaa meza kwa meza, basi hata ugali haushuki. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso kwa sababu nilimkuta kaka yangu keshatangulia.

Kazi yangu ni kuandika skripti za magemu. Ukisema hivyo Tabora, watu wanadhani unachezesha kamari. Hapana jamani. Ukicheza gemu kwenye simu, ukamwona mtu anafungua mlango, anaokota embe, jua linazama, na kesho yake ukiwasha simu embe lake bado analo, ujue kuna mtu alikaa akaandika hayo yote mstari kwa mstari. Mtu huyo ni mimi. Mchoraji anachora, mpiga muziki anapiga, mimi ndiye ninayeuambia mlango ufunguke. Kazi zinatoka Dar es Salaam, nyingine Nairobi, nami nazifanyia kwenye chumba kimoja hapa Tabora, mtaa wa Kanyenye, nyuma ya duka la sare za shule. Chumba kina meza mbili, feni moja, na soketi moja ambayo tulikuwa tukiigombania watu wawili.

Huyo wa pili ndiye mtani wangu.

Mimi ni Mnyamwezi, mtu wa Kwihara. Yeye ni Mzaramo, alikuja Tabora kumfuata mumewe anayefanya kazi reli. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo kichwani na kuwakuta babu zake kule pwani, mwisho wa njia. Utani wenyewe ni hivi: anaweza kunitukana mbele za watu, anaweza kuchukua kitu changu bila kuomba, na mimi siruhusiwi kununa. Nikinuna nimeaibika mimi. Ninachoruhusiwa ni kumrudishia tusi kubwa zaidi.

"We mpagazi, mgongo umeamkaje?" Ndivyo alivyoingia kila asubuhi.

"Mzima. Pole wewe uliyelala mpaka mbavu zimeota alama za mkeka."

Anacheka, anavuta droo yangu, anatoa chupa yangu ya asali, anajimiminia kwenye chai yake kama amerithi mzinga. Akitaka kiti changu anakichukua. Akitaka chaja anaichomoa simu yangu ikiwa asilimia nne. Kwa umri nimempita miaka kumi, wasichana wa rika lake wananipigia magoti, lakini yeye kwangu hakuwa na adabu hata chembe, na nilimpenda kwa hilo. Nasema nilimpenda. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu yanayofuata hayafanani na mapenzi.

Sasa, katika kazi yetu hakuna mwenye akili anayeandika mlango upya kila mara. Unauandika mara moja, vizuri, unauweka, na kazi ijayo ukitaka mlango unauchukua ulipo, unabadilisha rangi na kitasa, umemaliza. Hivyo vipande ndio utajiri wa mwandishi wa skripti. Mimi vyangu nilikuwa nimeviweka kwenye folda moja niliyoiita kabati, nikaifunga kwa nywila, na nilivikusanya kwa miaka minane. Kipande cha maongezi. Kipande cha usiku na mchana. Kipande cha kuhifadhi ulipofikia. Na kipande nilichokipenda kuliko vyote, mkoba.

Mkoba ndio unaoshughulika na kila kitu mchezaji anachobeba: kina uzito gani, kinavunjika au hakivunjiki, kikilowa mvua kinakuwaje. Niliuandika kwa ajili ya gemu la wapagazi, ile safari ya kutoka Tabora mpaka pwani. Nilikwenda Kwihara kumuuliza baba yangu, ambaye alisimuliwa na babu yake. Akaniambia mpagazi mwenye mzigo mzito hautui chini, anauegemeza kwenye mti, kwa sababu akiutua hatapata nguvu ya kuunyanyua peke yake. Nikarudi mjini nikaliandika hilo. Katika mkoba wangu mzigo mzito ulikuwa unaegemezwa. Sikuwahi kuona gemu lingine lolote lenye kitu kama hicho. Nilijiona fundi kweli kweli, mpaka nikawa natembea tofauti.

Siku moja mtani wangu alikuwa na kazi imemkaba, wateja wanampigia simu kila saa. Akageuza kiti akanitazama.

"Mtani," akasema, "naomba uniazime ule mkoba wako. Niuangalie tu ulivyojengwa."

Alisema naomba. Mtani haombi! Asali haombi, kiti haombi, mara moja wali wangu wote na bakuli lake alivichukua na alivyomaliza akasema chumvi haikutosha. Lakini ule mkoba ulikuwa na nywila, hakuwa na namna, ikabidi aombe. Na aliomba kwa sauti ya chini, akiwa amefumbata mikono mapajani.

"Hee, ule?" nikasema. "Ule nilishaufuta. Ile kompyuta yangu ya zamani ilipokufa, kabati lote lilikufa nayo."

Sijui lilitoka wapi. Uongo ulitoka mdomoni mzima mzima, umeshavaa nguo. Kabati lilikuwa palepale, sentimita chache kutoka kwenye kidole changu.

Akashika mdomo. "Miaka yote hiyo! Pole, mtani, pole jamani." Na mchana akaenda kuninunulia chipsi mayai kunifariji, akaniletea na pilipili pembeni kama ninavyopenda. Nikazila zote.

Basi akaanza kuandika wa kwake. Nilimwona akihangaika wiki kwa wiki, anaandika, anafuta, anauma kalamu. Alipomaliza mkoba akaandika mlango, alipomaliza mlango akaandika maongezi, ikawa kabati kamili. Nilikuwa namchungulia nikijiambia aah, mtoto bado, atafika lini. Kisha asubuhi moja akaingia, hata kunitukana akasahau, akasema, "Nimeviweka wazi vyote. Mtandaoni, bure. Anayetaka achukue, abadilishe, agawe kwa wengine. Nimeona mtu mwingine asiteseke kama nilivyoteseka mimi."

Nikamwambia hongera. Nikageukia kompyuta yangu, nikabonyeza vitufe visivyo na kazi.

Nilidhani hakuna atakayeviona. Mtandao ni mkubwa, vitu vya bure vimejaa kama majani. Wapi! Baada ya mwezi watu wakaanza kumwandikia. Kijana wa Mwanza. Mwalimu wa Malawi. Mtu wa nchi ambayo hata kuitamka siwezi, aliyetengeneza gemu la kubeba magunia kwenye milima ya kwao kwa kutumia vipande vya mtani wangu, tena akatuma na picha. Na mtani wangu kila ukija ujumbe ananigeuzia kompyuta, "Soma, mpagazi, soma!" Nami nasoma, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Halafu nageukia kompyuta yangu, na kabati langu lipo limefungwa, halijui mtu.

Kilichonimaliza kilitokea darasani. Kuna chuo kimoja mjini hapa waliniita nikawafundishe vijana siku mbili. Nikawauliza wanatumia vipande gani. Binti wa mbele akasema, "Tunatumia vya dada wa Kanyenye."

Nikanyoosha shingo. "Dada wa Kanyenye ndiye mimi."

Akaniangalia kwa huruma. "Samahani madam. Namaanisha yule mwingine."

Yule mwingine! Nilifundisha saa mbili nzima sijui nilifundisha nini. Nikarudi kwa miguu juani, nasonya njia nzima, mpaka mama mmoja anayeuza karanga akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo. Na nilipolisema nikaliamini. Ndiyo, nimeibiwa. Mkoba ni wangu.

Usiku sikufanya kitu, nililala zangu. Kesho yake ndipo nilipopakua vipande vyake kwa mara ya kwanza. Ndiyo, miezi yote hiyo nilikuwa sijavigusa, kiburi kilinikataza. Nikafungua mkoba wake nikausoma toka juu mpaka chini. Ulikuwa mzuri. Ngoja niseme vizuri: ulikuwa mzuri kuliko wangu, mwepesi, safi, umeelezwa kila mahali kwa Kiswahili cha kueleweka ili anayeanza asipotee. Na katikati yake nikakuta mzigo mzito unaegemezwa kwenye mti.

Damu ikanichemka. Hilo la kuegemeza si langu? Ni la kwetu Kwihara, ni la baba yangu, huyu mtu wa baharini kalijulia wapi? Swali hilo sikulitafutia jibu. Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyempata mbaya wake.

Hapo baba yangu alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete, kifua. Nilikuwa napita kila jioni na uji. Na mtani wangu naye alikuwa anapita, mchana, akitoka kazini kwenda kula. Mara nyingi nikifika namkuta baba bado anafuta machozi ya kicheko. "Mtani wangu kaja," anasema, "kaniambia daktari kanipima kakuta mapafu yamejaa michembe ya viazi." Anacheka mpaka anakohoa. Mimi nikimletea uji, anakunywa, anasema asante mwanangu, anageukia ukutani. Kwangu hakucheka. Nami hilo nalo nikalibeba, nikaliweka pamoja na lile la darasani.

Jumapili moja, nimetoka Misa, tena nimekomunika, Mungu anisamehe, nikaingia ofisini peke yangu. Duka la mbele lilikuwa limefungwa. Kwenye ule ukurasa wake wa mtandaoni kuna sehemu ambayo mtu yeyote anaweza kuandika malalamiko: hapa pana kosa, hapa rekebisha. Yanasomwa na wote. Nikafungua akaunti mpya kwa jina la kiume la kubuni, nikaandika kwa Kiingereza, tena nikakivunja makusudi nionekane mtu wa mbali. Nikaandika kwamba kipande cha mkoba kimeibwa kutoka kwa fundi mmoja mkongwe wa Tabora, na kwamba ushahidi ninao.

Ushahidi wenyewe nilikuwa naujua. Mkoba wangu una kosa moja ambalo sikuwahi kulitibu: mchezaji akiegemeza mzigo mahali pasipo na mti, gemu linakufa. Nikaujaribu mkoba wake. Nikampeleka mpagazi katikati ya mbuga tupu, nikamwambia aegemeze. Gemu likafa. Nilipiga makofi peke yangu. Watu wawili hawawezi kukosea mahali pamoja kama mmoja hakumwangalizia mwenzake! Gemu likifa, kompyuta inatoa mistari ya maelezo, kosa limetokea wapi. Nikanakili mistari ya mkoba wake, nikanakili na ya mkoba wangu, nikaibandika yote chini ya malalamiko, ya kwake juu, ya kwangu chini, dunia ijionee. Nikatuma. Nikaenda nyumbani nikala wali kuku vizuri kabisa.

Jumatatu asubuhi kabla sijatoka nyumbani nikachungulia kwa simu. Alikuwa ameshajibu, kwa Kiswahili: "Asante sana kwa kuonyesha kosa hili. Nimelirekebisha. Sasa pasipo na mti, mzigo unabaki kichwani." Basi. Neno la wizi hakuligusa. Malalamiko yakafungwa kwa alama ya kijani.

Nikashangaa kwa nini hakujitetea. Nikashuka nisome tena nilichoandika, na hapo ndipo nilipoiona ile mistari ya kompyuta kwa macho ya mtu mwingine. Kompyuta ikikueleza kosa limetokea wapi, inataja faili liko wapi. Inataja njia yote, kuanzia mlangoni, yaani jina la mwenye kompyuta. Kwenye mstari wa pili wa maelezo ya mkoba wangu, mchana kweupe, lilikuwepo jina langu, majina yote mawili kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo. Baada ya jina, kabati. Baada ya kabati, mkoba. Na mwishoni tarehe ya jana yake.

Niliketi kwenye ngazi. Mtu wa kawaida hawezi kukosea hivyo, atajificha tu na atajificha vizuri. Sisi tunaojifanya wataalamu ndio tunaonakili kila kitu, kwa sababu tumefundishwa kosa huripotiwa kwa ukamilifu. Niliripoti kwa ukamilifu! Mtani alikuwa amejua mambo mawili kwa mpigo. Kwamba ni mimi. Na kwamba mkoba haukufutwa, upo, ulikuwepo siku ile aliyoniomba, ulikuwepo nilipokuwa nakula chipsi zake.

Nikakimbilia kufuta. Unafuta nini? Kila anayefuata ukurasa ule alikuwa ameshatumiwa nakala kwenye barua pepe.

Nikaenda kazini, ningefanyaje. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: anifokee, anirushie kikombe, aniite mwizi, mchawi. Ningelistahili, na ningejua la kufanya. Akaingia saa mbili na nusu. Akasimama mlangoni, akainama kidogo.

"Shikamoo dada."

Sikuelewa kama anasema na mimi. Nikageuka kuangalia nyuma yangu.

"Marahaba," nikasema.

Akaketi. Akafanya kazi. Chai yake akanywa bila asali, droo yangu hakuigusa. Saa sita akaniuliza, "Dada, samahani, umemaliza kutumia chaja?" Nikamwambia chukua, chukua tu. Akasema asante.

Siku ya tatu sikuvumilia. Nikamwambia, "Kuhusu ule ujumbe..."

"Hamna shida dada," akasema. "Kazi tu." Akatabasamu tabasamu la mtu anayekupa huduma dukani.

Hamna shida! Ningemwomba Mungu kuwe na shida. Nikaenda Kitete jioni ile, nikamkuta baba ameketi, amepata nafuu kidogo. Nikamuuliza, kama natania, kama aliwahi kumwambia mtani habari za kuegemeza mizigo. Akachangamka mara moja. "Eeh! Si aliniuliza mwenyewe? Alinifuata nyumbani Kwihara na daftari, kabla sijalazwa. Nikamweleza yote, hata vile walivyokuwa wakiimba. Anasikiliza yule binti." Halafu akanitazama. "Wewe uliniuliza mara moja, ukaondoka na haraka zako."

Kwa hiyo hata wizi haukuwepo. Kitu kilikuwa cha baba, naye aligawa kwa aliyekaa kusikiliza. Hata kosa letu lilitoka hapo: wote wawili hatukumuuliza pasipo na mti inakuwaje. Na kwa umri wangu huu, na watoto wangu wawili, naona aibu kusema kwamba hata hapo, badala ya kujuta kwanza, niliona wivu kwanza. Aliimbiwa na nyimbo? Mimi sikuimbiwa.

Nikaamua kutengeneza. Nikaliondolea kabati nywila, nikaliweka mtandaoni lote, bure, miaka yangu minane. Asubuhi nikamgeuzia mtani kompyuta. "Chukua unachotaka," nikamwambia. "Chukua chote. Changanya na vyako."

Akasogea, akasoma kwa heshima, mikono nyuma. "Kazi nzuri sana dada. Hongera." Akarudi kwenye kiti chake. "Ila hivi tunavyo tayari."

Hakuchukua hata mlango. Na si yeye tu, hakuna mtu aliyekuja. Nilikuwa nachungulia kila saa kama aliyeinjika chungu. Kila kilichokuwemo kwenye kabati langu, watu walikuwa nacho tayari, kizuri zaidi, na kimeelezwa vizuri zaidi, kutoka kwa yule mwingine.

Mwisho wa mwezi ule baba akarudishwa nyumbani, na wiki mbili baadaye akafariki, asubuhi, kitandani kwake Kwihara.

Nitasema jambo la ajabu. Katika uchungu wote ule, kati ya kupiga simu na kutafuta maturubai, kulikuwa na kitumaini kimoja kilichokuwa kinanitekenya ndani. Mtani atakuja. Kwenye msiba mtani hana hiari. Anaweza kuwa amenuna mwaka mzima, siku ya msiba lazima aje atimize utani, na utani ukishatimizwa umetimizwa, tumerudi. Nilikuwa namsubiri kuliko nilivyokuwa namsubiri padre.

Alikuja siku ya maziko. Nilimsikia kabla sijamwona, maana waombolezaji walianza kucheka kule barazani. Alikuwa ameingia chumbani kwa baba, ametoka amevaa koti lake la kijivu na kofia yake, fimbo mkononi, anatembea vile vile, mguu wa kushoto nyuma kidogo, anakohoa vile vile. Alimuiga kabisa, mpaka mbwa akanyanyua masikio. Akasimama mbele ya shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa analia tangu juzi.

"Mwangaluka!" akamwamkia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya baba. "We bibi, kelele za nini? Miaka sabini unaniunguzia ugali, leo ndiyo unanionea huruma?"

Shangazi akatoa kilio kilichogeuka katikati kikawa kicheko, akamtupia khanga. Mtani akaidaka, akajifunga, akaenda kujilaza mlangoni hasa, jeneza lisipite. Alisema hatoki mpaka apewe jogoo. Kaka zangu wakamsihi. "Loh! Wanaume sita mnatweta kwa mzee mkavu namna hii!" akawaambia akiwa amelala chali. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, nyie kutoka hapa mpaka makaburini mnataka maji? Mmezaliwa wapagazi au mapambo?" Hata katekista alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Jogoo akaletwa, akampakata, akainuka.

Halafu akaanza kupita kwenye mstari wetu wafiwa, mmoja mmoja, na kila mmoja akapata lake. Kaka mkubwa alivutwa tai akaulizwa kaazima kwa nani. Mtoto wangu wa kwanza aliambiwa sura hiyo hairithiki, arudishe. Wote wakacheka, na mimi nikawa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimesimama wima, nimefuta uso, na tusi la kumrudishia ninalo, nilikuwa nimelitunga tangu usiku wa kwanza. Nilikuwa tayari kwa chochote atakachoniita, hata mwizi, hata muongo, mbele ya ukoo mzima na padre.

Akafika kwangu. Akavua kofia ya baba. Fimbo na jogoo akampa mtu wa jirani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

"Pole sana dada. Mungu akutie nguvu."

"Asante," nikasema.

Akainuka, akasogea kwa wifi yangu, aliyekuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Akaivaa kofia, akaisukuma nyuma kidogo kama alivyokuwa akifanya baba.

"We naye, umekuja kulia au umekuja kukagua sufuria?"

Wifi yangu akaangua kicheko na machozi yanamtiririka, wote mstarini wakacheka naye, na mimi, hatua tatu kutoka kwenye jeneza la baba yangu, nikamwonea wivu kwa tusi alilotukanwa.